Ajali na Kinga Yake

Waswahili husema ajali haina kinga. Msemo huo hufariji sana msibani, bali ukitangulizwa kabla ya safari hugeuka kuwa kisingizio. Ndivyo alivyoutumia koplo mmoja asubuhi ya kwanza ya likizo yake, alipokuwa akifunga mizigo pamoja na mkewe katika nyumba za kambi.

Koplo huyo ni mtunza ghala la silaha. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyeingia ghalani mwake na kiberiti mfukoni. Fataki za kulipulia hazikai sanduku moja na baruti. Kila sanduku lina alama yake, na kila linalotoka hutiwa sahihi. Lakini asubuhi hiyo, kati ya gunia la mchele na sanduku la nguo za watoto, alikuwa ameweka dumu la lita 20 za petroli kwa ajili ya pampu ya maji ya baba yake kijijini, ambako petroli ni adimu na ghali. Kifuniko chake kilikuwa kimepotea, naye aliuziba mdomo wa dumu kwa kipande cha nailoni.

"Baba Asha," mkewe akauliza, "hilo nalo litapanda basi pamoja na watoto?"

"Litakaa kwenye buti, Mama Asha. Kondakta akiuliza, ni mafuta tu. Na hata hivyo, ajali haina kinga."

Hakukusudia kusema uongo, na hapo ndipo penye hatari. Neno mafuta ni pana mno. Ya kupikia ni mafuta, ya taa ni mafuta, ya kujipaka ni mafuta, na petroli nayo ni mafuta. Kondakta akiambiwa mafuta, hufikiri juu ya nguo zisichafuke. Hafikiri kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwamba hutambaa chini usionekane, na kwamba cheche moja ya mbali huweza kuuwasha.

Neno la namna hiyo liliwahi kuua. Tarehe 11 Mei 1996, huko Marekani, ndege ya abiria ya shirika la ValuJet, safari namba 592, iliruka kutoka Miami kwenda Atlanta. Katika chumba cha mizigo yalikuwamo masanduku matano ya karatasi ngumu, na hati yake ilisema kwamba ni mikebe ya oksijeni, mitupu. Muda wa kutumika wa mingi ya mikebe hiyo ulikuwa umepita, lakini mingi haikuwa mitupu. Mkebe wa aina hiyo una kemikali ndani. Kiwashio chake kikigongwa, kemikali hutoa joto kali pamoja na oksijeni, nayo oksijeni huuchochea moto. Ilipasa kila kiwashio kivalishwe kifuniko kidogo cha plastiki. Vifuniko havikuwekwa, ingawa karatasi za kazi zilitiwa sahihi kwamba vimewekwa. Dakika kama kumi tu baada ya kuruka, ndege ilianguka katika kinamasi cha Everglades. Watu wote 110 waliokuwamo walikufa.

Hakuna adui aliyeiangusha ndege ile. Mkono mmoja uliandika neno, wa pili ukaliamini, wa tatu ukapakia, na rubani akaruka na mzigo asioujua. Ajali ile ilikuwa na kinga: kifuniko kidogo na neno la kweli.

Ndiyo maana kanuni za kusafirisha vitu vya hatari hazianzi na moto, huanzia kwenye jina. Umoja wa Mataifa ulitoa mapendekezo yake ya kwanza juu ya jambo hili mwaka 1956. Siku hizi vitu hivyo vimegawanywa katika mafungu tisa, na vingi vimepewa namba za tarakimu nne. Petroli ni 1203. Mafuta ya taa ni 1223. Namba haina maana mbili. Polisi anayefika penye lori lililopinduka, akiiona 1203 kwenye kibao cha rangi ya machungwa, anajua lililomo hata kama dereva amezimia, wala hangoji kuwaondoa watu. Kazi hiyo ya kuwaondoa watu si ndogo. Huko Sange, nchini Kongo, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka na watu wakatoka kwenda kuchota. Moto ulipowaka, waliokufa walizidi 230.

Dumu la koplo halikuwa na kibao wala namba. Lilikuwa na mtu mmoja tu wa kulisemea, naye alikuwa tayari kusema nusu ya neno.

"Mtu akija na dumu hilo mlangoni pa ghala lako," mkewe akamwuliza taratibu, "utampitisha?"

Koplo akanyamaza. Kisha akalibeba dumu nje, akamwuzia jirani mwenye pikipiki kwa bei ya hasara, na fedha akaifunga kwenye leso ili mzee anunue huko huko, ijapokuwa kwa bei ya juu.

Aliporudi alimkuta mkewe jikoni ameshika chupa ya soda. Ndani yake mlikuwa na mafuta ya taa, na mtoto wao mdogo alikuwa amekwisha jifunza kuipenda chupa ya namna hiyo. Mama Asha hakusema kitu. Aliyahamishia mafuta katika galoni yenye kifuniko, akaandika jina lake kwa makaa, akaiweka juu ambapo mkono wa mtoto haufiki.

Kituoni kondakta akauliza, "Afande, mna nini humu?"

Koplo akaitaja mizigo yake mmoja mmoja, hata ule mdogo, kwa jina lake.