Ndoo tatu za mbege: Tulivyotafuta pombe ya posa Marangu

Desemba iliyopita shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa anakwenda kuposa Mwika. Tulifika Marangu kutoka Dar es Salaam siku ya Jumatano, watoto wamechoka, mimi miguu imevimba kwa kukaa kwenye basi. Kabla sijamaliza kuvua viatu, baba mkwe akaniita.

“Mkamwana, wewe ni binti wa Rombo. Umekulia kwenye pipa. Nenda na mumeo mkatafute mbege ya kupeleka kwa wakwe Jumamosi. Ndoo tatu. Isiwe maji ya ndizi, watatucheka.”

Kwa kawaida mama mkwe ndiye hupika. Mwaka huu magoti yamemgomea, hawezi tena kusimama na mwiko juu ya sufuria kutwa nzima. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza nyumba ile ilikuwa inanunua pombe ya posa.

Shemeji alishauri tupeleke kreti za bia, yaishe. Baba mkwe hakujibu. Alimwangalia tu. Kwa Wachaga bia ya chupa inaweza kuongezwa, lakini haikai mahali pa mbege. Mbege ndiyo inayofungua mazungumzo ya posa, ndiyo inayonywewa wazee wanapopatanisha ndugu waliogombana, na ndiyo inayomwagwa kidogo chini kwenye tambiko.

Siku hizi mjini watu wanasifia bia za viwanda vidogo, zinazotengenezwa kwa mafungu machache na kuuzwa ghali. Nikiwasikia hucheka moyoni. Migombani kila mama mpishi ana kiwanda chake kidogo, na kila pipa lina ladha yake. Swali la mzazi mwenye bajeti ni lilelile: nitaipata wapi iliyo nzuri, na je, inalingana na hela yangu?

Pombe ya wiki mbili

Asiyejua mbege hudhani ni ndizi zilizooza zikakamuliwa. Si hivyo. Ndizi za pombe huivishwa kwanza, zikamenywa na kuchemshwa na maji kwa saa nyingi mpaka zibadilike rangi kuwa nyekundu ya udongo. Huachwa siku kadhaa zichachuke, kisha maji yake huchujwa.

Upande wa pili kuna ulezi, ambao ndio hasa huitwa mbege kwa Kichaga. Huloweshwa, ukaachwa uote, ukaanikwa juani na kusagwa. Unga huo hupikwa uji mzito, ukapoa, ukachanganywa na maji ya ndizi na kulala usiku mmoja. Asubuhi ni mbege. Uchungu wake hutoka kwenye gome la mti uitwao msesewe, linalokaushwa, kutwangwa na kuchemshwa.

Ukihesabu tangu ndizi kuivishwa na ulezi kuloweshwa, kazi inakaribia wiki mbili. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa mwenye shughuli ni huu: weka oda mapema. Sisi tulikuwa na siku mbili tu.

Klabu ya barabarani

Alhamisi asubuhi tulianzia karibu. Kutoka Marangu Mtoni ukipanda kuelekea lango la mlima, vilabu havikosekani. Tulivutiwa na kimoja cha kando ya barabara kwa sababu gari linafika mpaka mlangoni. Muuzaji alituletea jagi la plastiki. Nikanusa, nikaonja. Utamu ulinipiga mbele ya ulimi kisha ukapotea, hakuna ulezi wala msesewe. Ilikuwa imeongezwa maji, na sukari ikatiwa kuficha maji. Tukalipia tulichoonja, tukaaga.

Zipo pia nyumba zinazopokea wageni wa kutembea, wanaopelekwa kuona maporomoko ya maji na namna kahawa inavyokaangwa, mwishoni wakaonjeshwa mbege. Ukiwa na watoto waliozaliwa mjini ni matembezi mazuri, maana wataona kihamba kilivyo, migomba juu, kahawa chini, ng'ombe zizini. Lakini pale unalipia maelezo pamoja na pombe. Kwa ndoo tatu si mahali pake.

Mama wa juu

Mwenye duka la mbolea ndiye aliyetuelekeza. “Pandeni mpaka mfereji wa pili, muulizeni mama anayepika Jumanne na Ijumaa. Hana kibao.” Kweli hakuwa na kibao. Chema chajiuza. Kwenye benchi chini ya mti walikaa wazee watano, saa nne asubuhi, kila mmoja na kata yake.

Yule mama alichota, akanywa kwanza yeye, ndipo akanipa. Ni adabu ya zamani ya huku: anayekupa kinywaji huonja mbele yako ujue hakina ubaya. Mbege yake ilikuwa nzito, ya kahawia, maganda ya ulezi yanaelea juu hadi unayapuliza pembeni kabla ya kunywa. Ilianza tamu, ikaja chachu, ikamalizia na uchungu wa msesewe kooni. Nilikumbuka jikoni kwa mama yangu Rombo, nikanyamaza kidogo.

“Hii ni ya jana,” alisema. “Ya Jumamosi nitaichanganya kesho jioni. Msichukue hii, itakuwa kali mno mbele ya wakwe.” Muuzaji anayekataa kukuuzia leo ili upate nzuri keshokutwa, huyo mshike.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, ukitafuta mbege, uliza maswali mawili: imechanganywa lini, na nani kaipika. Ya siku ya kwanza ni tamu, ya pili imekolea, ya tatu imechachuka na wengine huipenda hivyo. Ikinuka siki, imepitiliza. Nenda na kikombe chako, kwa sababu vilabu vingi kata huzunguka mdomo hadi mdomo. Na ukibeba kwenye dumu usikaze kifuniko. Mwaka juzi mume wangu alikaza dumu la lita tano ili awaonjeshe wenzake Dar. Lilifumuka chini ya kiti cha basi kabla hatujafika Same. Mbege haijui safari ndefu. Nunua ya kunywa hukohuko. Ukitaka kileo cha ndizi cha kusafiri nacho, kampuni ya Banana Investments ya Arusha huuza cha chupa kinachoitwa Raha, ingawa ladha si ile ya pipani.

Hesabu ya kwanza

Tulikubaliana shilingi 20,000 kwa ndoo ya lita 20, yaani shilingi 1,000 kwa lita. Ndoo tatu, shilingi 60,000. Bia ya chupa pale dukani ilikuwa shilingi 2,000 kwa nusu lita. Lita 60 za bia zingekuwa chupa 120, sawa na shilingi 240,000. Kwa shughuli ya familia, mbege ilituokolea shilingi 180,000, na ikakubalika zaidi.

Nikamuuliza yule mama yeye anabaki na nini. Akanihesabia vidoleni: ndizi nyingine ananunua kwa jirani kwa sababu za shambani hazitoshi, ulezi anaufuata Moshi sokoni Mbuyuni kwa kuwa huku mlimani haulimwi sana tena, kuni, mashine ya kusaga, kijana wa kubeba maji. “Nikiuza pipa lote siku mbili, napata ada. Mvua ikinyesha watu wasije, nanywesha nguruwe.” Ana mtoto mmoja sekondari na mwingine chuo cha ufundi mjini Moshi. Mume hakumtaja, nami sikuuliza.

Hesabu ya pili

Wakati tunasubiri chenji nilikuwa nawatazama wale wazee wa benchini. Mmoja alimaliza kata ya pili tangu tufike, akaomba ya tatu iandikwe kwenye daftari.

Kata ile ilikuwa ya lita moja. Kata tatu kwa siku ni shilingi 3,000. Kwa siku 30 ni shilingi 90,000. Kwa mwaka inapita milioni moja. Hakuna anayeilipa kwa mkupuo, ndiyo maana haiumi. Inatoka kidogokidogo, kama maji kwenye ndoo yenye tundu.

Naijua hesabu hiyo kwa sababu nimekulia ndani yake. Mama yangu alipika mbege Rombo na kwa pipa lile tulisoma watoto wanne. Baba yangu alikuwa mteja wake wa kwanza asiyelipa, na akitoka pale alikwenda kulipa kwa wengine. Fedha ya kahawa ikija, tuliiona kwa jina tu. Mwaka niliofaulu kwenda sekondari, mama aliuza ndama wake, kwa sababu daftari la klabu ya jirani lilikuwa limeshakula mavuno. Hakuwa mtu mbaya, baba. Alikuwa mpole hata akilewa. Lakini upole haulipi ada.

Kwa hiyo nikiulizwa kama mbege ni rahisi, majibu yangu ni mawili. Kwa posa, kwa Krismasi, kwa kikao cha ukoo, hakuna kinywaji kinachokupa zaidi kwa hela yako. Kwa kila siku, sijaona pombe ya bei nafuu.

Kata ya babu

Ijumaa jioni yule mama alituma ndoo moja mapema, ya kuonjwa na wazee wa nyumbani. Baba mkwe akaonja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akanitazama. Nikajua nimefaulu. Kisha akamwita mwanangu wa kwanza, mwenye miaka 13, akamnyooshea kata.

“Njoo unywe kwa babu yako. Baba yako alionja hapahapa akiwa mdogo kuliko wewe.”

Mtoto akanitazama. Mume wangu akatazama migomba. Huku kumwonjesha mtoto mbege ni jambo la kawaida, hata la upendo, na mkamwana hambishii baba mkwe mbele ya watu. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto kilevi, na mimi sihitaji sheria kunikumbusha benchi lile. Tuliwahi kushangilia viroba vilipopigwa marufuku Machi 2017 kwa sababu vilikuwa rahisi mno kufika mikononi mwa vijana. Kata ya babu ni rahisi zaidi, tena inakuja na baraka.

Nikapiga goti. Nikasema, “Baba, nakuomba. Huyu bado namlea. Mpe kazi nyingine.”

Kimya kilikuwa kirefu. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda na magoti yake, ndiye aliyekivunja. “Mpe ubebaji,” alisema. “Nani atawapa kata wazee kesho? Sisi tumeisha.”

Jumamosi kule Mwika mwanangu ndiye aliyebeba kata kwa mikono miwili, akampelekea kila mzee kwa mpangilio aliofundishwa na babu yake usiku ule: nani kwanza, nani afuate, unasimama wapi, unainamaje. Hakumwaga tone. Wazee wa upande wa pili waliulizana ni mtoto wa nani. Baba mkwe alijibu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Posa ilikubaliwa, na ndoo zote tatu zilirudi tupu.

Kwa mzazi mwenye safari ya huko naongeza machache. Dereva asionje hata kidogo. Mbege haina kipimo kilichoandikwa ubavuni kama chupa, huwezi kujua umekunywa kiasi gani, na barabara za milimani zina kona. Ukiita bodaboda, mwangalie kijana macho kwanza. Mama mjamzito aiache kabisa, hata akiambiwa ni chakula. Watoto wapewe uji wa ulezi au mtori, watashiba, na wakitaka kujifunza mila, wapewe kazi ya mila.

Tulipokuwa tunarudi Dar, tumepita Korogwe, mwanangu akaniuliza swali ambalo nadhani alilibeba siku zote hizo.

“Mama, kwa nini bibi wa Rombo anapika mbege na hanywi?”

Mume wangu alikuwa amelala, au anajifanya. Safari ilikuwa bado ndefu. Nikaanza kumwambia habari za babu yake mwingine, ambaye hakumkuta, na za ndama.