Duka la Pembeni, King's Road

Msafiri ashukaye katika kituo cha Sloane Square, mjini London, akaishika barabara ya King's Road kuelekea magharibi, hatakwenda mbali kabla ya kukutana na mambo ya askari. Upande wake wa kushoto litamtokea jengo kubwa lenye nguzo ndefu, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 19 liwe shule ya watoto wa wanajeshi, wengi wao wakiwa yatima. Baadaye likawa makao ya vikosi vya akiba, na tangu mwaka 2008 ni nyumba ya maonyesho ya sanaa. Kusini zaidi, karibu na mto Thames, iko Royal Hospital, ambayo Mfalme Charles wa Pili aliianzisha mwaka 1682 kwa ajili ya askari wazee. Wazee hao wangalipo hata leo, na siku za sherehe huvaa makoti yao mekundu. Tangu mwaka 2009 wamo wanawake pia miongoni mwao.

Twayataja haya kwanza kwa sababu ni ajabu kwamba mtaa huu wa sare na magwaride ndio uliokuja kuvuruga mavazi ya wasichana wa nusu ya dunia.

Basi na tuendelee mbele hadi pembe ya Markham Square, mkono wa kulia. Hapo, kwenye namba 138a, mwaka 1955 lilifunguliwa duka dogo la nguo lililoitwa Bazaar. Wenye duka walikuwa watatu: Mary Quant, binti wa walimu, aliyekuwa na umri wa miaka 25, mchumba wake, Alexander Plunket Greene, na rafiki yao Archie McNair, mwanasheria aliyeipenda biashara kuliko mahakama. Wanaume hao wawili walitoa mtaji, pauni 5,000 kila mmoja. Chini ya duka kulikuwa na mkahawa, hata mtu aliyekuja kula aliweza kuondoka na gauni.

Mwanzoni Bazaar iliuza nguo zilizotengenezwa na wengine. Lakini Quant hakuziona sokoni nguo alizozitaka, akaamua kushona mwenyewe. Alikuwa amesomea sanaa na kufanya kazi kwa mtengeneza kofia. Ufundi wa kukata nguo aliufuata katika masomo ya jioni. Akanunua karatasi za kukatia nguo za kampuni ya Butterick, zile zile ambazo mama yeyote wa nyumbani angeweza kuzipata, akazipunguza hapa na kuzinyosha pale. Vitambaa alivinunua Harrods kwa bei ya rejareja, maana hakujua kwamba viko kwa jumla! Nguo zilishonwa katika chumba chake cha kulala, zikauzwa mchana, na fedha za mchana zikanunua kitambaa cha usiku. Fundi yeyote wa barazani atazitambua taabu hizo.

Je, alitaka nini hasa? Siku zile binti aliyemaliza shule alivaa kama mama yake, na mama alivaa kama walivyoamua mabingwa wa Paris: kiuno kilichobanwa, sketi pana, kofia na glavu. Quant aliona kwamba msichana wa zama zake anakwenda kazini, anakimbilia basi, na jioni anacheza dansi, pengine bila nafasi ya kurudi nyumbani kubadili. Nguo ilipasa kumfuata yeye, wala si yeye kuifuata nguo. Kwa hiyo akachukua mikato ya sare za watoto wa shule, akachukua na vitambaa vya suti za wanaume, akafanya magauni yaliyoning'inia mabegani bila kukibana kiuno. Mwaka 1963 alijaribu plastiki ing'aayo kwa makoti ya mvua; plastiki ikang'ang'ania kwenye cherehani na mishono ikasumbua, hata miaka ikapita kabla ya kazi hiyo kunyooka.

Hata hivyo tusimpambe kupita kiasi. Nguo za Bazaar hazikuwa za mfuko wa msichana wa kiwandani. Ndiyo maana mwaka 1963 ilianzishwa Ginger Group, nguo za viwandani zenye bei nafuu kidogo, na mwaka uliofuata Butterick yenyewe ikaanza kuuza karatasi za mitindo ya Quant. Kwa maoni yetu hilo ndilo jambo bora kuliko yote aliyoyafanya, kwani asiye na fedha ila ana cherehani naye alikaribishwa.

Kisha kikaja kimini. Wengine humtaja yeye kuwa mwanzilishi, wengine humtaja Mfaransa Courrèges. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba wasichana wa King's Road ndio waliokuwa wakidai sketi zikatwe zaidi. Kimini kilifika na kwetu Afrika Mashariki, kikazua makubwa. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na mjini Dar es Salaam wasichana wakashambuliwa kwenye vituo vya mabasi. Mwaka 1972 Uganda ilikipiga marufuku kwa sheria, na kazi ya kuangalia magoti ya wanawake ikawaangukia polisi. Hata mwaka 2014 wanawake wa Nairobi waliandamana baada ya wenzao kuvuliwa nguo hadharani. Hatusemi kwamba kila vazi lafaa kila mahali. Nyumba zetu zina heshima zake. Lakini amvuaye mwenzake nguo njiani ati amfunze adabu, adabu hiyo ameipata wapi?

Duka la pembeni lilifungwa miaka ya 1960 ikielekea ukingoni, na Quant alifariki dunia Aprili 2023, akiwa na miaka 93. Mwaka 2018 jumba la makumbusho la Victoria and Albert, lililoko mtaa wa jirani, liliwaomba wananchi wapekue makabati yao. Wanawake, wengi wao sasa wakiwa bibi, wakaleta magauni yao pamoja na masimulizi ya mahali walipoyavaa. Mengine hayakuwahi kupita katika duka lolote. Yalikuwa yameshonwa nyumbani kwa zile karatasi za Butterick.