Si la Dume, Si la Jike: Kisa cha Jina la Mbwa Katelembo

Wahenga hawakukosea walipolonga kuwa jina jema hung'ara gizani. Hata hivyo, wahenga hao hao hawakutuachia wosia wowote kuhusu jina la mbwa, kiumbe ambaye kazi yake kuu ni kukesha katika giza hilo. Huenda waliliona kuwa jambo dogo. Kwa familia moja ya Katelembo, viungani mwa mji wa Machakos, jambo hilo dogo lilichukua siku tisa, likazua ubishi na kicheko, na hatimaye likafunua jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelitarajia.

Kisa chenyewe kilianza wakati wa likizo ndefu ya chuo. Msichana mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyekuwa akisomea Kiswahili, alirejea kukaa na nyanyake, ambaye wajukuu wote humwita Susu kama ilivyo ada ya Wakamba. Alimkuta Susu akiwa peke yake kuliko alivyomwacha. Mbwa wake mzee, Simba, alikuwa amekufa. Jina la Simba halikuwa na la kuelezwa. Kenya imejaa mbwa wa jina hilo, nao walikuwako hata kabla ya filamu ya Marekani ya mwaka 1994 kulieneza duniani. Lakini tangu Simba afe, kuku watatu walikuwa wametoweka bandani. Katelembo si tena ile ya malisho mapana ya ranchi ya ushirika. Ardhi imegawanywa viwanja, mawe ya mipaka yamesimikwa, nyumba mpya zimechipuka kila upande, na mtu hawezi tena kumjua kila apitaye njiani. Ajuza anayelala peke yake katika mazingira kama hayo hana budi kuwa na mlinzi.

Mlinzi aliletwa siku ya pili ndani ya kiondo cha mkonge. Alikuwa kitoto cha mbwa cha rangi ya kahawia, chenye baka jeupe kifuani, nacho kilipotolewa kilikwenda moja kwa moja kwenye sufuria ya muthokoi uliobaki. Alikuwa jike.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kila aliyepita kuamkua aliuliza swali lile lile kabla ya mengine yote: "Dume au jike?" Alipojibiwa, alitikisa kichwa. Jirani mmoja, mzee wa makamo, alisema waziwazi kwamba jike si mlinzi. Kazi yake ni kuzaa na kuwaleta madume wa kijiji kizima uani. Akashauri kwamba kama hawana budi kumfuga, basi wampe jina la kiume ili wezi wasijue.

Maneno hayo yalimchoma mwanafunzi kuliko yalivyostahili, na sababu haikuwa mbwa. Yeye mwenyewe alizaliwa wakati familia ilipokuwa ikingoja mvulana. Jina la marehemu babu lilikuwa limekwisha kutengwa, na alipotokea msichana ikalazimu jina ligeuzwe mwanzo wake ndipo limfae. Kikamba kina ufundi huo: mvulana aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Wambua, msichana akaitwa Mumbua, Musyoka ni wa kiume, Kasyoka ni wa kike. Yeye hakulichukia jina lake. Lakini tangu utotoni alijua kuwa alivishwa nguo iliyokuwa imeshonewa mtu mwingine.

Kwa hiyo aliamua kwamba mbwa huyu hatapewa jina la kumficha wala la kumtangaza. Atapewa jina ambalo dume au jike angeweza kulibeba bila kupunguziwa wala kuongezewa kitu. Aliona kuwa lugha aliyoisomea ilikuwa upande wake. Kiswahili hakimsaili mtu wala mnyama jinsia yake ndipo kimpe kiambishi. Katika ngeli ya A-WA, mfalme na malkia, jogoo na koo, wote "amekuja" na wote "ameondoka". Isitoshe, alitaka jina lenye kisa. Muhula uliotangulia alikuwa amesoma visasili katika somo la fasihi simulizi, na kichwa chake kilikuwa kingali kimejaa miungu na mazimwi. Akachukua daftari, akaanza kuorodhesha.

Orodha ilianzia mbali. Alianza na Anubis wa Misri ya kale, mwenye kichwa cha mbweha, mlinzi wa makaburi, lakini akamfuta mwenyewe kwa kuwa ni mungu wa kiume. Akamsomea Susu habari za Kerberos, mbwa wa Wayunani alindaye lango la kuzimu. Susu, ambaye kama Wakamba wengi wa rika lake hana sauti ya "r" kinywani, alijaribu mara mbili, akatoa "Kelevelosi", kisha akauliza mbwa huyo ana nini cha ajabu. Alipoambiwa kuwa ana vichwa vitatu, aliguna.

"Vichwa vitatu! Na mimi nitamlisha kwa mshahara upi?"

Akafuata Argos, mbwa wa Odisea, aliyemngoja bwana wake miaka 20, akamtambua siku aliporudi amejigeuza ombaomba, kisha akafa. Mwanafunzi alikisimulia kisa hicho kwa hisia. Susu alisikiliza hadi mwisho, akauliza mbwa huyo alikuwa akilala wapi muda huo wote. Juu ya lundo la samadi, akajibiwa, maana hakuna aliyemtunza. Susu akasema kwamba hilo si jina la kumpa mbwa. Ni aibu ya wenye mji ule.

Mwanafunzi akarudi karibu na nyumbani. Rafiki yake wa chuoni, mzaliwa wa pwani, alikuwa amewahi kumwelezea kuhusu mbwa wa watu wa pangoni wanaotajwa katika Sura ya Al-Kahf, ambaye mapokeo ya wafasiri humwita Kitmiri. Ni jina zuri, halina uume wala uke, na ni la mbwa aliyekaa kizingitini na miguu yake ya mbele ameinyosha. Susu alipendezwa, hadi alipouliza walikaa humo pangoni kwa muda gani. Miaka 300, na tisa zaidi, wakiwa usingizini.

"Mlinzi aliyelala miaka yote hiyo?" Susu akasema. "Kuku wangu wataisha."

Kilimia, kundi lile la nyota lililowaongoza wakulima kujua majira ya kulima, lilianguka kwa hoja iyo hiyo, kwa kuwa kila mwaka nyota hizo hutoweka angani kwa majuma kadhaa. Kinyonga naye alijadiliwa jioni nzima. Wakamba husimulia kwamba Mulungu alimtuma kinyonga awaambie wanadamu kwamba watakufa na kufufuka. Kinyonga akajikokota, akafika, akaanza kugugumia, "niliambiwa, niliambiwa," na kabla hajamaliza ndege akamkatiza akisema kwamba wanadamu watakufa na kutoweka kabisa. Kisasili hicho kina ndugu zake mbali sana; Wazulu wanacho pia, ila kwao aliyemtangulia kinyonga ni mjusi. Mwanafunzi aliona ni jina la kufikirisha. Susu aliona ni jina la mjumbe aliyechelewa, na mbwa anayechelewa kubweka hana maana.

Zikabaki hadithi kuu za Ukambani, na hapo Susu hakufanya mzaha. Mwanafunzi alipomtaja Syokimau, nabii wa kike anayesemekana kuliona reli kabla halijajengwa, katika sura ya nyoka mrefu, Susu alikataa kwa ukali. Jina la mtu haliitwi mbwa. Miongoni mwa Wakamba mtoto hurithi jina la wazee wake, na jina hilo likipewa mbwa, basi aliyetukanwa si mmoja bali ukoo mzima, walio hai na waliotangulia. Alipopendekeza Eimu, yaani zimwi au pepo wa hadithi, Susu aliuliza swali moja tu: usiku wa manane ukisimama mlangoni ukaliita jina hilo, una hakika ni nani atakayeitika? Daftari likafungwa.

Ilikuwa siku ya nane mwanafunzi alipogundua jambo alilopaswa kuliona mapema. Asubuhi hiyo Susu alitoka na bakuli la maziwa, akasimama uani, akaita, "Simba! Simba!" Kitoto cha mbwa kilikuja mbio. Susu akakitazama kwa mshangao, akageuka, akamwuliza mjukuu wake Simba amekwenda wapi. Alipomwuliza, alimwita kwa jina la shangazi yake. Haikuwa mara ya kwanza. Wiki nzima alikuwa akimwita mara kwa jina la shangazi, mara kwa jina la binamu, na mwanafunzi alikuwa akicheka na kumsahihisha, akidhani ni wingi wa wajukuu. Sasa hakucheka. Uzee ulikuwa umeanza kumnyang'anya Susu majina, moja baada ya jingine, na ilhali hali ni hiyo, yeye alikuwa akimletea majina mapya kutoka Misri na Uyunani.

Siku ya tisa hakufungua daftari. Walikuwa wameketi chini ya mwembe wakipura maharagwe. Akauliza, "Susu, kule kwenu ulikozaliwa, watu walisimulia nini?"

Hakuwahi kumwuliza hivyo maishani. Alijua kwa mbali kwamba nyanyake hakuwa mzaliwa wa Katelembo, kwamba aliletwa na ndoa kutoka upande wa kusini. Wakati huo safari hiyo ilikuwa ndani ya wilaya moja ya Machakos. Makueni ilimegwa kutoka kwake mwaka 1992. Susu akaweka ungo chini. Akasema kwamba wao, wakiwa watoto, waliuona mlima wa Nzaui kila siku, na kwamba hapo ndipo Mulungu alipowatoa mwanamume na mwanamke wa kwanza, akawaweka juu ya mwamba pamoja na mifugo yao. Nyayo zao zimo mwambani hadi leo, alisema, nyayo za watu na kwato za ng'ombe. Alisimulia bila kusita wala kupotea njia. Alitaja majina ya vijito, ya jirani za baba yake, ya ng'ombe aliyevunjika mguu mwaka wa njaa. Mjukuu, aliyeweza kuutaja ukoo wa miungu ya Wayunani kwa mpangilio, alikuwa akiyasikia hayo kwa mara ya kwanza.

"Nani alitangulia kukanyaga mwamba," akauliza, "mwanamume au mwanamke?"

Susu akafikiri. "Hatukuambiwa. Nyayo ni za wote wawili."

Kitoto cha mbwa kilikuwa kimelala miguuni pake. Mwanafunzi akalitamka jina polepole: Nzaui. Si jina la mzee wa ukoo, kwa hiyo halitamvunjia mtu heshima. Si la dume, si la jike. Halina "r". Susu akalirudia, kisha akaita kwa sauti aliyokuwa nayo pengine alipokuwa msichana akiita mbuzi: "Nzaui!" Mbwa akainua kichwa.

Wanaisimu wanatufunza, tangu Ferdinand de Saussure, kwamba uhusiano wa umbo la neno na dhana yake ni wa nasibu. Kinadharia hoja hiyo haina ubishi. Mbwa angeitika jina lolote ambalo lingefuatwa na bakuli la maziwa. Lakini kwa anayeita, jina si nasibu hata kidogo. Kwa Susu, jina la Nzaui limeshikamana na mlima, na mlima umeshikamana na ua la baba yake, na mizizi hiyo ni ya kina kuliko yote iliyopandwa baadaye.

Likizo iliyofuata mwanafunzi alirudi Katelembo na daftari jipya, safari hii la kuandikia masimulizi ya Susu, kwa kuwa alijua muda si mrefu. Susu alimpokea langoni. Alimwita kwa jina la shangazi, akajisahihisha kwa jina la binamu, na mara ya tatu akalipata lake. Kisha akageuka nyuma, akaita, "Nzaui!", mara moja, bila kutafuta. Mbwa aliyekwisha kukomaa, mwenye baka jeupe kifuani, akaja mbio kutoka bandani. Kuku walikuwa wametimia.

Nyuma yao alikuwa akipita mgeni mmoja wa viwanja vipya. Akasimama, akamsifu mbwa, akauliza, "Dume au jike?"

"Ni Nzaui," Susu akasema, akafunga lango.