Lami Ilipofika Kigoma

Kwa mtu aliyekulia Ujiji miaka ya 1980, kama mwandishi wa kumbukumbu hii, safari ndefu ilikuwa ya garimoshi au ya meli. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa miongo mingi hakuna barabara iliyoweza kushindana nayo. Basi la kaskazini lilipita Kasulu, Kibondo na Nyakanazi juu ya udongo mwekundu. Kiangazi abiria walifika na vumbi hadi kwenye kope. Masika walishuka kulisukuma. Baadaye majambazi walipozidi porini, mabasi yakawa yanasindikizwa na askari wenye bunduki.

Lami ilikuja vipande vipande. Ilifika Kidahwe, ikafika Manyovu mpakani na Burundi, likaja Daraja la Kikwete juu ya Mto Malagarasi kwa mkopo wa Korea Kusini. Kisha ikaja kazi kubwa ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita zaidi ya 260, iliyofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Watu walishangilia, na walistahili kushangilia.

Sasa mazungumzo ya vijiweni yamegeuka. Zamani swali lilikuwa lami itafika lini. Siku hizi watu wanauliza itadumu miaka mingapi.

Jibu liko chini ya lami. Baada ya mvua kubwa, lori likikanyaga ufa, maji ya rangi ya udongo huruka nje. Yale maji yamebeba chembe laini za kifusi cha tabaka la chini, na kila tairi linalopita linatoa nyingine. Juu barabara bado inang'aa, chini kumeshakuwa na uwazi. Muda si mrefu lami inabonyea, inapasuka, shimo linazaliwa. Ndiyo maana ufa unaozibwa mapema kwa lami ya moto ni kazi ndogo, na shimo ni kazi ya kukata, kuchimba, kushindilia upya na kufunika.

Kwa mkoa unaonyeshewa tangu Novemba hadi karibu na Mei, mtaro ni sehemu ya barabara sawasawa na lami yenyewe. Inauma kuona mtaro uliojengwa kwa mawe ukijazwa udongo ili gari lipite kuingia uani, bila hata bomba chini yake. Maji yakikosa njia, hugeukia kwenye tuta la barabara.

Adui wa pili, baada ya maji, ni uzito. Majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, yalionyesha kwamba madhara hupanda kwa kasi zaidi kuliko mzigo. Ekseli ya tani 12 huiumiza barabara takriban mara mbili ya ile ya tani 10, na tani 10 ndicho kikomo cha ekseli ya matairi manne nchini. Mizani, inayolaumiwa sana na madereva, inalinda fedha za walipakodi.

Ulaya na Marekani kuna barabara zenye tabaka nene la lami, ambazo hukwanguliwa juu tu na kufunikwa upya, chini pakiachwa bila kuguswa kwa miongo. Kigoma haihitaji unene huo kila mahali. Inahitaji zaidi lami ngumu isiyolainika kirahisi kwenye milima ya kuelekea Manyovu, ambako malori ya Burundi hupanda taratibu kwenye jua kali, lami ikiwa imelainika, na kuchora mifereji ya matairi.