Pawa saplai ya wati 500, eti!

Jamani, juzi stima ilipotea hapa Skuta. Iliporudi, kompyuta yangu ikatoa harufu ya kuungua. Diski ikafa na programu niliyoiandika miezi miwili (nakala? usiniulize). Kibandiko cha pawa saplai kilisema wati 500. Nikakisoma upya: laini ya volti 12, ile inayolisha prosesa, ilikuwa na ampea 14 tu. Zidisha mwenyewe: wati 168! Sasa dukani naanza na hesabu hiyo, kisha naipima uzito mkononi. Nembo ya 80 PLUS, iliyoanza 2004, naiweka ya tatu, maana inapima umeme usiopotea bure, si kinga ya diski yako. Ile nyepesi ya bei poa namrudishia muuzaji, hata akinicheka.