Vespa Yako, Buibui Lako



Msimu wa harusi ukiingia, dukani kwangu nasikia habari ile ile: "Mume wangu kanipa vespa." Mashaallah. Zamani biharusi akipewa cherehani au kabati, siku hizi wengi wanapewa chombo cha kuendea kazini, kupelekea watoto skuli na kufanyia biashara. Mie ni fundi cherehani, nashona mabuibui na nguo za harusi, na vespa ndiyo inayonibebea majora ya vitambaa kutoka Darajani. Leo nataka tuzungumze mambo mawili ambayo watu huyatenganisha, lakini mie nayaona ni jambo moja: nguo unayopandia na injini inayokubeba.

Mwaka jana alikuja mteja wangu, biharusi wa wiki tatu tu, mkono umefungwa plasta. Alikuwa amepakiwa na mumewe, amekaa upande kama tulivyozoea, na pindo la buibui likaingia gurudumu la nyuma. Alhamdulillah walikuwa wanakwenda pole pole na kitambaa kikachanika. Lile buibui aliniletea nimtengenezee. Lilikuwa limesokotwa kama kamba, limejaa grisi, na halikutengenezeka.

Kila fundi anajua bobini inavyojaa. Uzi ukishashika duru ya kwanza, huna haja ya kuushika tena, bobini yenyewe inauvuta mpaka mwisho. Gurudumu nalo ni hivyo hivyo. Gurudumu la vespa la inchi 10 ni dogo, kwa hivyo linazunguka haraka: ukienda kilomita 40 kwa saa, linapiga duru kama 8 kila sekunde. Huwezi kuwahi kuvuta nguo yako. Na ikiwa kilichonasa ni mtandio ulioufunga shingoni, hatari yake ni roho. Isadora Duncan, mcheza dansi maarufu mzaliwa wa Marekani, alifariki mjini Nice, Ufaransa, tarehe 14 Septemba 1927, kwa sababu mtandio wake mrefu ulinasa kwenye gurudumu la gari la wazi alilopanda. Karibu miaka mia imepita, na mitandio bado ni mirefu.

Vespa yenyewe ilibuniwa kwa kuwafikiria wenye nguo safi. Mhandisi wa ndege wa Italia, Corradino D'Ascanio, aliichora kwa ajili ya kampuni ya Piaggio, ikatoka mwaka 1946. Akaifunika injini isichafue nguo, akaweka bati mbele ya miguu na sakafu ya kukanyagia. Ndiyo maana inatufaa sisi. Lakini lile bati la nyuma halifuniki gurudumu lote, na aliyepakiwa ndiye aliye karibu nalo zaidi.

Basi, shoga yangu, haya ndiyo ninayowashonea wateja wangu wanaopanda. Pindo liishie kwenye kifundo cha mguu, lisiburure. Ndani suruali pana yenye lastiki chini, ili uweze kukaa ukipanua miguu pande mbili na sitara yako ibaki pale pale. Mbele na nyuma mpasuo wenye kitambaa cha kufunikia, na vifungo vya kubana chini ili upepo usilifanye buibui tanga. Mikono iwe na kafu inayobana, isikamate breki. Mtandio ncha zake zote ziingie ndani ya buibui. Ukipakiwa, kalia pindo lako, na kabla chombo hakijaondoka pitisha mkono pande zote mbili uhakikishe hakuna kinachoning'inia. Na jihadhari na bomba la moshi. Vitambaa vyetu vingi vya buibui ni poliesta, vikigusa moto vinayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Ukiungua, mwagia maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, usipake dawa ya meno.

Kofia ngumu haina mjadala. Utafiti unaonesha inapunguza hatari ya kufa kwa kiasi cha asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Chini yake vaa ushungi mwepesi wa pamba. Pini zitoe, na fundo kubwa la nywele lishushe shingoni, maana kofia iliyokalia fundo haikukai kichwani. Funga mkanda wa kidevu. Kofia isiyofungwa inaruka kabla yako.

Sasa injini. Cherehani isiyotiwa mafuta hupiga kelele kwanza, ndipo ikafa. Vespa nayo inasema, ukijua kuisikiliza.

Kwanza jua unayo ipi. Vespa za gia za mkononi, kama PX, nyingi zina injini ya tu-stroki. Hiyo oili yake inachomwa pamoja na petroli. Kwa PX isiyo na tangi lake la oili, kiasi ni asilimia 2: mililita 20 kwa kila lita, yaani mililita 100 kwa lita 5. Matoleo ya zamani zaidi yanataka zaidi ya hapo, kwa hivyo fuata kitabu chake. Usikisie kwa macho. Oili ikizidi, moshi unakuwa mzito na plagi inachafuka. Ikipungua, pistoni inapata moto, inavimba na kukamata ndani ya silinda. Mafundi wanasema imenoki, na hapo gurudumu la nyuma linaweza kufunga ghafla ukiwa njiani. Ukisikia nguvu inaanguka na injini inakwaruza, kamata klachi papo hapo na ujisogeze pembeni.

Vespa mpya za otomatiki nyingi ni za fo-stroki. Hizo zina oili yake ndani, na unaipima kwa kijiti, chombo kikiwa kimesimama wima pahala tambarare. Ndani mna mkanda wa mpira unaozungusha gurudumu. Ukianza kuvuta kwa kusitasita au kupiga kelele, muone fundi kabla haujakatika.

Plagi jifunze kuisoma. Kichwa chake kikiwa na rangi ya kahawia, injini inachoma vizuri. Kikiwa cheusi na kimelowa, mafuta au oili imezidi. Kikiwa cheupe, injini inapata joto kupita kiasi, usiendelee kuitumia mpaka fundi aiangalie.

Sisi watu wa kisiwani tuna adui mwengine, chumvi. Ukipita ufukweni au ukiegesha karibu na bahari, osha chombo kwa maji baridi ya bomba, kisha kaza breki mara chache ukienda taratibu mpaka zikauke. Na biharusi unayesafiri fungate, usiache petroli kwenye kabureta miezi miwili, itaganda na kuziba. Funga koki ya mafuta, acha injini iwake mpaka ijizime.

Jambo jengine ni hili. Wengi wetu tunalaza vespa ndani, kwenye ukumbi au ushoroba. Kulaza si tatizo ikiwa haivuji mafuta, lakini usiiwashe humo ndani kuipasha moto. Moshi wake una hewa ya monoksaidi, haina harufu wala rangi, na inaua. Itoe nje kwanza, ndipo uiwashe.

Kila asubuhi nampa chombo changu dakika tatu: naangalia mipira, mafuta na oili, nabana breki zote mbili, nawasha taa na kupiga honi. Jora la kitambaa nalifunga nyuma, siliweki miguuni, kwa sababu breki ya nyuma ya PX iko pale sakafuni. Halafu nakusanya pindo, nasoma dua ya kupanda chombo, naondoka.

Kisa cha bedui na ngamia wake tumefundishwa tangu chuoni: anafungwa kwanza, ndipo tukatawakali. Mwili wako ni amana, na vespa uliyopewa ni neema. Mwanamke mwenye chombo chake haombi lifti usiku, na mzigo wake haungoji gari ya abiria ijaze. Uhuru huo wa halali usiukose kwa sababu ya nusu mita ya kitambaa iliyozidi. Anayetaka kupunguza pindo, nyumbani kwake mna mkasi na sindano. Afanye leo, kabla ya safari ya kesho.

Allah awahifadhi njiani na awajaalie ndoa zenye kheri. Amin.