Gitaa na nanoteknolojia: mtoto wa Masisi asomee nini?

Tangu nianze kazi hii ya redio, familia nyingi zilizokimbia Masisi na Rutshuru zinaniletea swali moja: mtoto aliyefika ng'ambo asomee nini? Wengi wanataka jibu la neno moja. Udaktari. Sheria. Kitu chenye mshahara. Safari hii swali limekuja kwa namna ambayo sikuizoea, ndiyo maana naandika.

Mama mmoja wa Masisi, aliyepitia kambi ya Bulengo na sasa anaishi kwa wenyeji hapa Goma, ana kijana huko Pennsylvania, Marekani. Kijana huyo alikimbia na shangazi yake akiwa bado mdogo. Walikaa Nakivale, Uganda, miaka mingi kabla ya kupewa safari. Sasa amejiandikisha katika chuo cha jamii, na alimtumia mama yake sauti kwenye WhatsApp: «Mama, nimechukua muziki na nanoteknolojia. Nitapunguza saa za kazi, kwa hiyo pesa ya kila mwezi itapungua kidogo.»

Mama alishika maneno mawili tu: muziki na kupungua. Akaja kwangu. «Muandishi, mwanangu, wewe sauti yako inasikilizwa. Mwambie aache gitaa. Hatukukimbia risasi ili mtu akapige gitaa.»

Siwezi kumlaumu. Pesa ile inalipa nyumba na minervali ya wadogo wawili. Tena, tangu Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi mwezi wa Januari 2025, waliokwisha kufika kule wanabeba mzigo wa wengi. Lakini kabla ya kurekodi ujumbe wowote, nilimpigia kijana. «Yaya,» aliniambia, «nisaidie kumweleza mama. Mimi Kiswahili cha mambo haya kinanishinda.» Basi nilijaribu, na nilichomweleza mama nawaeleza na ninyi.

Kwanza, chuo cha jamii ni nini? Ni shule ya baada ya sekondari, ya miaka kama miwili, inayofungua mlango kwa watu wote wa eneo lake: kijana, mama wa watoto, mfanyakazi wa usiku, mgeni ambaye bado anajifunza Kiingereza. Cha zamani kuliko vyote vya serikali kiko Joliet, jimbo la Illinois, na kilianza mwaka 1901. Ada yake ni ndogo kuliko ya chuo kikuu, na mtu analipa kulingana na masomo anayochukua. Akimaliza anaweza kutafuta kazi ya ufundi, au kuendelea chuo kikuu, na mara nyingi masomo mengi aliyokwisha kufanya yanahesabiwa. Kijana wetu anafanya kazi ghalani mchana, jioni anaingia darasani.

Pili, nanoteknolojia. Chukua milimita moja kwenye rula ya mtoto wa shule, uigawe mara milioni moja. Kila kipande ni nanometa. Unywele wa mtu una unene wa nanometa kama 80.000. Nanoteknolojia ni ufundi wa kutengeneza vitu katika udogo huo. Huko Pennsylvania, tangu mwaka 1998, wanafunzi wa vyuo vya jamii wanaweza kwenda kufanya muhula mmoja katika maabara za Penn State. Ndani wanavaa nguo zinazofunika mwili na nywele, kwa sababu chembe moja ya vumbi, mbele ya kitu wanachotengeneza, ni kama jiwe la Nyiragongo lililoangukia nyumba. Sisi wa Goma tunaokula vumbi kila siku tunaelewa haraka.

Hapo mama aliuliza: «Na hiyo inatuhusu nini?» Nikamjibu: Mama, Rubaya. Koltani inayochimbwa kwenye milima yenu inatolewa tantali. Tantali inatengenezwa kuwa unga, halafu inavishwa ganda jembamba ambalo unene wake unahesabiwa kwa nanometa. Ganda hilo ndilo linalofanya kidude kidogo sana kiweze kutunza umeme ndani ya simu. Vijana wetu wanabeba jiwe mgongoni. Ganda linavishwa mbali. Mtoto wako anasomea ufundi wa aina hiyo.

Alinyamaza kidogo. Kisha: «Sawa. Lakini gitaa?»

Gitaa pia. Mwaka 1997, watafiti wa chuo kikuu cha Cornell, jimbo la New York, walichonga gitaa la silikoni lenye urefu wa mikrometa 10, karibu sawa na chembe nyekundu ya damu. Kila uzi ulikuwa na upana wa nanometa 50. Mwaka 2003 chuo hicho kilionyesha lingine, likapigwa kwa mwanga wa leza, na nyuzi zikatetemeka mara kama milioni 40 kwa sekunde. Sikio la mtu linaishia kwenye 20.000, kwa hiyo hakuna aliyelisikia. Sisi wa redio tunasema megahezi 40, ingawa mawimbi tunayorusha ni ya umeme. Anayejua kwa nini uzi mfupi unalia juu na mrefu unalia chini amekwisha kuanza somo hilo.

Wazee wetu hawakuona ajabu kuchanganya mambo hayo. Nico Kasanda, tuliyemwita Docteur Nico, alisomea ufundi na akaufundisha, na vidole vyake vilipiga gitaa katika African Jazz. Kongo nzima ilicheza.

Mama alirekodi ujumbe wake mwenyewe, mimi nilishika simu tu. Alimwambia mtoto asome, lakini minervali ya wadogo isichelewe. Hayo mengine anaweza kupunguza. Kuhusu gitaa alisema bado halijamwingia, watazungumza. Wameelewana mpaka mwisho wa mwaka huu wa masomo.

Kwa familia zinazosubiri pesa, naomba jambo moja. Mtoto akitaja somo msilolijua, muulizeni kwanza ni kazi gani, linachukua miaka mingapi, na atalipa nini kila mwezi. Mpangeni naye kiasi anachoweza. Na ninyi vijana mlio ng'ambo, msitume habari nzito kwa sauti ya sekunde ishirini. Nunueni mega za kutosha, mpige simu, mueleze polepole. Mama aliyewabeba mgongoni kutoka Masisi ana haki ya kuelewa mnakoelekea.